Mnyauko wa Viazi Hauna Dawa ya Dukani

Shina la kiazi likilala saa sita za mchana, mkulima husema ni jua. Likisimama tena jioni, husema hakika lilikuwa jua. Siku ya tatu au ya nne shina hilo hulala lisiinuke tena, hali majani yake yangali mabichi, na shina la pili yake huanza safari hiyo hiyo. Hapo ndipo watu huanza kutaja majina. Wengine husema ni ukungu, wengine ni mchwa, wengine ni mbolea iliyozidi, na wapo wanaonong'ona kwamba ni jicho la mtu. Yote hayo nimeyasikia hapa Nakivale. Ninaandika makala haya kwa ajili ya kila mama na kila baba alimaye viazi mviringo katika kipande kidogo cha ardhi, ili asije akatoa fedha yake ya mwisho kununua dawa isiyoweza kumsaidia.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi ya Uganda, kadiri ya kilomita 60 kutoka Mbarara. Yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, na wakazi wake wa kwanza walikuwa Wanyarwanda. Tangu hapo yamewapokea Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine wengi, na Kiswahili ndicho kinachotuwezesha kupatana bei sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, na kaya nyingi hupewa ardhi ya kulima. Ardhi hiyo ni ya kutumia, si ya kuuza.

Mimi nilifika hapa mwaka 2012 nikitokea Masisi, katika Kivu ya Kaskazini, ambako nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu viazi ni chakula na ni fedha. Hapa Nakivale nchi ni ya chini zaidi na joto lake ni kubwa kuliko la milima ya kwetu. Mwenyeji hutegemea zaidi ndizi, mahindi na maharagwe. Hata hivyo wengi wetu hupanda viazi, maana viazi vya muda mfupi huwa tayari kwa miezi mitatu hivi, kabla mahindi hayajakauka. Faida hiyo imezidi kuonekana tangu mwaka 2020, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza kupunguza mgao kwa uhaba wa fedha. Mwaka 2023 kaya ziligawanywa kwa makundi kulingana na mahitaji yake, na nyingine zikaondolewa kabisa katika mgao. Kaya iliyoondolewa hutazama shamba lake kwa macho mengine.

UKUNGU AU MNYAUKO?

Mwezi wa Aprili mwaka 2022 viazi vya mtaa wetu vilianza kulala. Mzee mmoja Mrundi, jirani yangu wa upande wa juu, aliuza kuku watatu akanunua dawa ya ukungu na kukodi bomba la kupulizia. Alipulizia mara mbili. Viazi viliendelea kulala kana kwamba hakuna lililotendeka. Akaniambia, "Mwalimu, dawa hii ni maji matupu. Nimeibiwa kuku wangu."

Sikuwa na hakika kwamba dawa ilikuwa ya uongo. Kule Masisi nilikuwa nimeuona ukungu wa viazi kwa macho yangu, na haukuwa na sura hii. Jani la ukungu hupata madoa meusi au ya kahawia kana kwamba limeunguzwa, na asubuhi yenye umande, ukiligeuza, utaona utando mweupe pembezoni mwa doa. Viazi vya mtaa wetu havikuwa na doa hata moja. Basi niliamua nisinunue chochote mpaka nijue adui wetu ni nani. Niling'oa mashina mawili pamoja na viazi vyake, nikayafunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni ili udongo usimwagike njiani, nikapanda teksi ya alfajiri kwenda Mbarara.

Mbarara leo ni jiji, tangu mwaka 2020, na miongoni mwa taasisi zake kipo kituo cha utafiti wa kilimo cha kanda, kilicho chini ya shirika la taifa la utafiti wa kilimo. Bwana shamba aliyenipokea alinikaribisha kiti, kisha akanizuia nilipotaka kuanza kueleza.

"Mama," alisema, "usiniambie kwanza unavyodhani. Niambie ulichokiona, kwa mpangilio wake."

Nikamwambia: kulala mchana na kuinuka jioni, tawi moja kutangulia mengine, majani kubaki mabichi, ugonjwa kushuka kufuata mteremko. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakata kiazi kimoja katikati. Ndani yake palikuwa na pete ya rangi ya kahawia, karibu na ganda, na alipokibana, pete hiyo ilitoa matone ya ute mweupe. Akachukua bilauri ya kioo, akaijaza maji safi. Alikata kipande cha shina kutoka sehemu iliyo karibu na udongo, akakishika kwa kibanio ncha yake ikigusa maji, akaniambia nitazame bila kutikisa meza. Haukupita muda mrefu, nyuzi nyeupe zikaanza kushuka kutoka katika shina, nyembamba, kama moshi unaokwenda chini badala ya kwenda juu.

"Huu si ukungu," alisema, akipangusa kisu chake kwa spiriti. "Huu ni mnyauko wa bakteria. Unazoziona ni bakteria zenyewe, maelfu kwa maelfu. Zimeziba njia za maji ndani ya shina, ndiyo maana mmea unakufa kwa kiu hali udongo una maji. Hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Mzee wako hakuibiwa. Dawa yake ilikuwa ya ugonjwa mwingine."

Kijana mmoja wa kwetu, aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, alinichapia kurasa kadhaa, nami nilizisoma kwa taa usiku. Niliyoyapata humo yanafaa kujulikana na kila mkulima.

Magonjwa haya mawili huchanganywa sana, lakini hayana udugu. Ukungu ndio uliowaangamiza watu wa Ireland kuanzia mwaka 1845. Walikuwa wakitegemea viazi kuliko chakula kingine, na katika miaka michache watu kadiri ya milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni wakaihama nchi yao. Katika Afrika Mashariki ukungu uliripotiwa Kenya mwaka 1941, ukiletwa na mbegu kutoka Uingereza. Ugonjwa huo huenea kwa hewa, hupenda baridi na mvua, na dawa ya kupulizia kwa wakati huuzuia. Watafiti wa Uganda pamoja na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao yake Lima, Peru, wamekuwa wakijaribu huko Kachwekano, Kabale, tangu mwaka 2015, kiazi aina ya Victoria kilichotiwa jeni tatu kutoka viazi vya mwitu ili kiweze kuushinda ukungu.

Mnyauko ni jambo jingine. Mwanasayansi wa Marekani, Erwin Smith, aliieleza bakteria yake mwaka 1896. Haipeperuki kwa hewa kama ukungu. Hutembea ndani ya mbegu, ndani ya udongo, ndani ya maji yanayotiririka, na juu ya jembe na viatu. Hupenda joto. Inajulikana kwamba jamii ya bakteria hiyo hushambulia mimea ya aina zaidi ya 200, na walio karibu zaidi na jiko letu ni nyanya, biringanya, pilipili na mnavu. Dawa ya dukani ya kuiua ndani ya mmea ulio shambani haipo.

MBEGU NZURI ILIYOBEBA UGONJWA

Niliporudi nyumbani niliwaalika majirani, kaya tisa, tukakaa chini ya mti ulio mbele ya nyumba yangu. Kila mmoja alikuja na shina kutoka shamba lake. Nilipanga bilauri na chupa za plastiki zilizokatwa, nikawapa kazi ya kutazama wao wenyewe. Nyuzi nyeupe zilishuka katika vyombo saba. Katika viwili hazikushuka. Wale wawili walikuwa na ugonjwa mwingine wa mizizi, jambo lililotuonyesha kwamba si kila kinachonyauka ni mnyauko, wala si vyema kumhukumu mgonjwa kabla ya kumpima.

Ndipo likaja swali gumu. Mama mmoja Mkongo aliuliza, "Mwalimu, mbegu yangu niliinunua kwa mfanyabiashara aliyeitoa milimani. Viazi vilikuwa vizuri, vizito, havina doa. Na kule milimani nilipita, nikaliona shamba. Lilikuwa kijani kitupu. Ugonjwa umeingilia wapi?"

Jibu lake ndilo lililonistaajabisha kuliko mengine yote niliyosoma. Katika nchi ya baridi, kama vile vilima vya Kabale vilivyo juu ya mita 1,800, bakteria hii inaweza kukaa ndani ya kiazi pasipo kuonyesha dalili yoyote. Mmea hustawi, hutoa maua, huvunwa, na kiazi chake hung'aa sokoni. Kiazi hicho kikishushwa katika nchi ya joto kama Nakivale, iliyo kwenye mita 1,200 na kitu, bakteria huamka na kuongezeka, na shamba huanza kulala. Kwa hiyo yule mfanyabiashara huenda hakumdanganya mtu. Wala si milima yote iliyo na ugonjwa. Lakini kutazama kwa macho peke yake hakutoshi. Mbegu yapasa ijulikane ilikozaliwa na nani aliyeikuza.

Kwa sababu hiyo hiyo nilijifunza kuwa na hadhari na sifa za aina za viazi. Wengi wetu tuliotoka Kivu na Rwanda tunakisifu kiazi kiitwacho Cruza, kwa kuwa husimama wakati vingine vimelala. Sifa hiyo ni ya kweli, kinavumilia mnyauko. Ila kuvumilia si kuwa mzima. Kiazi kinachovumilia kinaweza kuubeba ugonjwa ndani yake na kuupeleka katika shamba jipya, mfano wa mgeni mwenye homa asiyelala kitandani.

KIPANDE CHA MAJARIBIO

Nilitaka kujua katika ardhi yangu mwenyewe ni kipi kinacholeta hasara kubwa zaidi: mbegu, udongo, au kitu kingine. Msimu wa mvua wa Septemba mwaka 2022 kaya nne tulichanga fedha, tukanunua gunia moja la mbegu kutoka kwa wakulima wa Kabale wanaozalisha mbegu kwa utaratibu, ambao mbegu yao ya awali hutoka katika kituo cha utafiti cha Kachwekano. Bei yake ilikuwa juu sana kuliko viazi vya sokoni, na mume wangu aliuliza mara mbili kama nina hakika.

Niligawa vipande vitatu, mashina 60 kila kimoja. Kipande cha kwanza nilipanda mbegu ya sokoni mahali palipokuwa pamenyauka. Cha pili nilipanda mbegu safi mahali hapo hapo. Cha tatu nilipanda mbegu safi mahali palipokuwa na mahindi na maharagwe kwa misimu minne mfululizo. Kila jioni nilipita na daftari, nikihesabu mashina yaliyolala na kuyang'oa papo hapo.

Mpaka wakati wa kuvuna, kipande cha kwanza kilikuwa kimepoteza mashina 41. Cha pili kilipoteza 17. Cha tatu kilipoteza matano tu. Somo la kwanza lilikuwa wazi: mbegu safi husaidia hata katika udongo mchafu, lakini udongo mchafu huila mbegu safi. Anayenunua mbegu ya bei ghali na kuipanda palipokufa viazi msimu uliopita anamwaga fedha yake.

Somo la pili lilinichukua siku nyingi zaidi. Kwa nini matano yale? Nilichora ramani ya kipande cha tatu, nikatia alama mahali kila shina lilipokufa. Yote matano yalikuwa katika pembe moja. Siku ya mvua kubwa niliingia shambani nikasimama penye pembe hiyo, nikaona maji yakiingia hapo kutoka shamba la juu, mekundu, yamebeba udongo. Shamba la juu lilikuwa la yule mzee Mrundi.

Hapo pana jambo ambalo vitabu vya kilimo havilifundishi. Mtu aliyekuzidi umri, aliyepoteza kuku wake watatu, utamwambiaje kwamba shamba lake ndilo linaloliua lako? Nilimngoja atulie jioni, nikaenda na bilauri tupu mkononi, nikamsalimu kama ilivyo ada. Nikamwambia, "Mzee, naomba unisaidie. Maji haya yanatiririka yakipita kwetu sote, nami sijui yanatoka na nini. Tuyafuate pamoja." Tulipanda mteremko mpaka shamba lililo juu zaidi ya lake. Huko nako viazi vilikuwa vimelala. Mzee alicheka, akasema, "Kumbe hata mimi nimepelekewa." Kesho yake alikuja na jembe, na yeye ndiye aliyewashawishi wenzetu wa juu kuchimba mtaro wa kupotosha maji kuelekea kando, penye majani ya malisho. Tulichimba mitaro mitatu kwa siku nne.

Wenyeji wetu wa Isingiro walitusaidia kuelewa umuhimu wa kufanya kazi hii pamoja. Wao ni wakulima wa ndizi, na wanaujua vizuri mnyauko wa migomba uliogunduliwa Uganda mwaka 2001, katika wilaya ya Mukono. Bakteria yake ni nyingine, lakini njia ya kupambana nayo inafanana: kuondoa mmea mgonjwa mapema, kuondoa ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya kisu, na kupitisha panga katika moto au katika maji ya jiki kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mkulima mmoja mwenyeji alituambia kwamba migomba iliokoka mahali ambapo kijiji kizima kilikubali. Mahali ambapo mmoja alikataa, hakuokoka hata mmoja.

MAMA MJANE NA SHAMBA LAKE

Jaribio letu kubwa halikuwa la udongo. Msimu wa masika wa mwaka 2023 shamba la mama mmoja mjane, lililo katikati ya mtaa, lilinyauka karibu lote. Kaya yake ilikuwa inangoja kuambiwa kama itabaki katika mgao wa chakula. Kanuni tuliyokuwa tumekubaliana ilikuwa moja: shamba lililonyauka ling'olewe, viazi viondolewe vyote, na pasipandwe viazi wala nyanya kwa misimu mitatu. Tulikwenda watu watano kumwambia.

Alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni. Kisha akaniambia mimi, "Mwalimu, kama unaniambia ning'oe, niambie pia watoto watakula nini."

Hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu, nasi tulirudi nyumbani kimya. Usiku ule nilifikiri sana. Kanuni zote nilizokuwa nimejifunza zilikuwa za kweli, na kwa yule mama zilikuwa hazifai kitu. Ushauri mwema kwa jirani mwenye njaa ni deni: ukimtaka atoe chakula chake kwa ajili ya shamba lako, yakupasa nawe utoe kitu kwa ajili ya chungu chake.

Kesho yake tulikutana tena, na safari hii tulizungumzia vyombo. Kila kaya ilileta alichoweza mwenyewe: bakuli la maharagwe ya mbegu, kikombe cha mahindi, fungu la miche ya sukuma wiki. Tulimsaidia kuchimbua viazi vyote siku moja. Vile vilivyokuwa vigumu na vizima alivipika. Mnyauko huu haumdhuru mlaji, na kiazi kikiwa hakijaoza hakina neno jikoni. Vilivyooza tulivizika katika shimo refu mbali na njia ya maji. Maganda tuliyatia katika shimo hilo hilo, maana maganda yakitupwa bustanini yanaurudisha ugonjwa kwa mlango wa nyuma. Akapanda mahindi, kisha maharagwe, kisha mahindi tena. Masika ya mwaka 2025 alirudi kupanda viazi, kwa mbegu iliyotoka katika kitalu chetu. Mashina matatu yalilala. Aliyang'oa mwenyewe kabla hajamwita mtu, pamoja na udongo wake, akatia majivu katika mashimo, akaosha jembe. Aliniambia habari hiyo baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, alipokuja kuazima chungu.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Msomaji atauliza afanye nini kuanzia kesho. Haya ndiyo tuliyoyaona kuwa yanawezekana kwa mtu mwenye jembe la mkono na ardhi ndogo.

Kwanza, pima kabla ya kununua dawa. Bilauri safi, maji safi, kipande cha shina kilichokatwa karibu na udongo, na subira ya dakika chache. Nyuzi nyeupe zikishuka, iache dawa ya ukungu dukani.

Pili, shina lililolala lisingoje kesho. Ling'oe pamoja na viazi vyake na udongo unaolizunguka, ulitie katika mfuko au beseni, wala usiliburute kati ya matuta. Lizike mbali. Kisha safisha jembe na miguu.

Tatu, badilisha mazao. Mahindi, mtama na maharagwe yapumzishe udongo walau misimu mitatu. Mwenye robo eka aigawe katika sehemu nne, viazi vizunguke sehemu moja kila msimu. Atavuna viazi kidogo kila mara, lakini atavuna. Viazi vya maotea vinavyojiotea katikati ya mahindi ving'olewe, la sivyo mapumziko hayo ni ya bure. Mnavu nao usiachwe katika sehemu inayopumzishwa. Wapenda mboga hiyo waioteshe mahali pengine panapojulikana.

Nne, tengeneza kitalu cha mbegu. Si lazima kununua magunia kila msimu. Nunua mbegu chache safi, uzipande kwa kubananisha katika sehemu ndogo isiyowahi kuugua, iliyo juu ya mteremko, na mavuno yake ndiyo yawe mbegu ya shamba kubwa.

Tano, chagua wazazi wa mbegu wakiwa wangali shambani. Kabla mimea haijaanza kuzeeka, pita ukitia vijiti penye mashina yenye afya na nguvu kuliko mengine. Wakati wa kuvuna, chimba hayo peke yake na uyakague tena. Shina lenye viazi vichache au vyenye kasoro liondolewe. Wakulima wa Kenya waliojaribu njia hii katika mashamba yao walipata mavuno zaidi kwa theluthi moja hivi kwa wastani, bila kununua kitu. Kinyume chake ndiyo desturi ya wengi wetu: viazi vikubwa huuzwa, vya wastani huliwa, na vidogo vilivyobaki, ambavyo aghalabu ni watoto wa mashina magonjwa, ndivyo vinavyofanywa mbegu.

Sita, hifadhi mbegu mahali penye mwanga hafifu na hewa, juu ya chanja, si ndani ya gunia gizani. Zitageuka kijani na kutoa machipukizi mafupi yenye nguvu. Zikisha kuwa kijani zisiliwe tena, na watoto waambiwe.

Sidai kwamba tumeushinda mnyauko. Kila mwaka Nakivale hupokea watu wapya, nao hupewa vipande vya ardhi ambavyo wengine walivilima kabla yao. Mtu aliyefika juzi, akiwa na mbegu ya kuomba na hamu ya kuwalisha watoto wake, hawezi kujua kwamba pale anapochimba tuta lake la kwanza viazi vilikufa msimu uliopita. Udongo hauna alama usoni. Kwa hiyo siku hizi katika mtaa wetu kila kaya ina daftari dogo, ama la mtoto wa shule lililobaki na kurasa tupu, ambamo huandikwa msimu, zao lililopandwa kila sehemu, na mahali lilipougua. Asiyejua kuandika humwambia mtoto wake. Daftari hilo halina thamani sokoni, lakini kaya ikihama, huachwa kwa jirani, naye jirani humkabidhi mgeni atakayepewa ardhi ile. Anayepewa shamba apewe na habari zake.